Refa Aliyempa Daktari Kadi Nyekundu

Shauri Moyo, mtaa wetu wa Nairobi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Ukiuliza jina hilo, watu wanaangaliana kwanza, halafu mmoja anasema, "Si ni Refa tu?" Siku za kazi alikuwa fundi wa vitanda katika soko la Gikomba. Jumapili mchana alichezesha mechi kwenye uwanja wa vumbi ulio nyuma ya nyumba zetu za zamani za baraza la jiji, na mtaa ukamjua kwa hiyo kazi ya pili, ile isiyokuwa na malipo.

Nilikua nyumba jirani na yake. Ndiye mwanamume pekee niliyewahi kumwona akipiga soksi pasi. Alizipiga Jumamosi jioni, nyeusi, ndefu hadi magotini, akizitandika juu ya meza ya kulia huku mkewe, Mama Rukia, akimkumbusha kwamba shati la kwendea msikitini bado lina makunyanzi. Viatu vyake vya uwanjani alivinunua Gikomba kwenye mitumba, cha kushoto kutoka rundo moja na cha kulia kutoka rundo jingine. Havikufanana hata rangi. Ukimuuliza, alisema miguu yake haijawahi kulalamika, kwa hiyo wewe unalalamika kwa niaba ya nani?

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, cha watu wenye asili ya pwani, na hakukubali kukichanganya na chochote. Vijana wa mtaa walipata taabu sana.

"Refa, hiyo si faulo? Msee amenidunga kiwiko!"

"Sikusikii. Sema vizuri."

"Refa, nimechezewa rafu."

"Ahaa, sasa nimekusikia. Hukuchezewa. Endelea."

Lakini akikasirika kwelikweli, Sheng ilimtoka yenyewe. "Buda, tulia ama utoke," alisema, na uwanja mzima ukashangilia kana kwamba bao limefungwa. Yeye alirekebisha kola, akapuliza kipenga, akajifanya si yeye aliyesema.

Nilipokuwa na umri wa shule ya msingi nilitaka kucheza golini. Wavulana walikataa katakata. Refa aliwaita wote katikati ya uwanja, akawaambia wamwonyeshe kifungu cha sheria kinachosema golikipa awe na ndevu. Wengi wao hawakuwa nazo. Nikacheza. Nilifungwa mabao mengi siku hiyo, na hakunionea huruma hata kwenye moja. Kuna moja ambalo hadi leo naamini lilikuwa la kuotea.

Huko uwanjani hakusita. Kipenga kikilia, kimelia. Nje ya uwanja, sijawahi kumwona mtu anayeshindwa kuamua kama yeye. Kununua shati moja kulimchukua mchana mzima. Aliligeuza, akalirudisha, akalifuata tena likiwa limeshauzwa. Mama Rukia ndiye aliyeamua wapi watoto wasome, lini nyumba ipakwe rangi na nani aalikwe harusini, na yote hayo aliyaamua kwa sauti ndogo, maana mbele za watu alikuwa mama mnyamavu kabisa. Refa alizungumza, yeye akaamua.

Tena aliogopa sindano. Siku aliyokanyaga msumari karakanani, mwenzake alimfikisha kliniki akadungwe sindano ya pepopunda. Muuguzi alipogeuka kuchukua pamba, mgonjwa hakuwepo. Walimkuta Landhies Road akichechemea kurudi kazini.

Huyo mwenzake alikuwa Baba Njoroge, mzee wa kanisa, mpole, mwenye mikono mipana kama mbao alizopiga randa. Waligawana karakana moja miaka mingi, na miaka hiyo yote waligombana kuhusu bao moja. Baba Njoroge aliwahi kuchezea timu ya maseremala na akafunga, mara moja tu maishani, kwa kichwa. Refa alilikataa. Alisema ni mkono. Wateja wa Gikomba waliokuja kuulizia kitanda cha futi tano kwa sita waliwakuta wako pale pale.

"Ilikuwa kichwa."

"Ilikuwa mkono."

"Nilikuwepo mimi mwenye kichwa."

"Na mimi nilikuwepo mwenye macho. Mteja huyu hapa, mpishe apite."

Ugonjwa ulianzia puani. Siku moja Baba Njoroge alirudi kutoka kunywa chai akakuta maranda yanafuka moshi chini ya jiko la gundi, na Refa ameketi kando yake, anapiga msasa, hana habari. Hakuwa amesikia harufu yoyote. Baadaye alikiri kwamba kwa muda mrefu hata harufu ya mbao mbichi ya mvinje ilikuwa imempotea, akadhani ni mafua. Kisha ikaja Jumapili aliyosahau mapumziko. Mechi iliendelea na kuendelea hadi wachezaji wenyewe wakaketi chini, mmoja mmoja, wakaomba maji. Watu walicheka. Rukia, bintiye, ambaye ni mwalimu na ni rafiki yangu tangu utotoni, hakucheka. Wiki hiyo hiyo alimpeleka kupigwa picha ya kichwa.

Kulikuwa na uvimbe nyuma ya paji la uso, mkubwa kama limau, umelalia ubongo. Madaktari walisema haukuwa saratani, ila lazima utolewe. Refa alisikiliza yote kwa utulivu. Swali lake lilikuwa moja.

"Kichwa mtapasua, sawa. Na sindano je, ni lazima?"

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilimwona siku iliyofuata, kichwa kimefungwa bendeji kama kilemba, akinyoosha kidole kwa mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akisikiliza mpira kwenye redio. Alitaka kujua matokeo. Tulirudi nyumbani tukiwa wepesi. Mama Rukia alianza hata kupanga wageni wa kumkaribisha.

Siku chache baadaye homa ikampanda. Akaanza kuzungumza maneno yasiyoshikana. Madaktari walifikiri kwanza ni maambukizi ya kawaida yanayoweza kufuata upasuaji, wakamwekea dawa za bakteria kwa dripu. Homa haikushuka. Akapata degedege, mtu mzima yule, na walipochukua maji kutoka uti wa mgongo na kuyapima, wakagundua kitu kingine.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye miwani. Alitukuta koridoni, mimi, Rukia na mama yake, akavuta kiti akaketi nasi badala ya kutusimamia.

"Ni virusi," alisema. "Vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni. Wengi wetu tunavyo tangu utotoni, vimelala tu kwenye mishipa. Ni nadra sana, lakini baada ya upasuaji wa ubongo vinaweza kuamka. Kwake vimeamka, na ubongo umevimba."

Mama Rukia akauliza, "Kwa hiyo aliyemwambukiza ni nani?"

"Hakuna, mama. Alikuja navyo mwenyewe. Na hakuna kosa lililofanyika, si lenu wala la waliompasua. Dawa yake ipo. Tumeshaianza."

Siku zile za virusi ndizo wadi ile bado inazisimulia, naamini. Refa aliichezesha. Aliwapanga wagonjwa kwa timu kufuatana na upande wa dirisha. Alimwonya mfagizi kwa kuvuka mstari. Mzee wa kitanda cha pili alihesabiwa kuotea kila alipokwenda msalani. Tulikuwa tumempokonya kipenga, kwa hiyo alipiga mluzi, na mluzi wake ulikuwa mkali kuliko kipenga. Asubuhi moja daktari yule wa miwani alikuja kumwangalia, akamwinamia na tochi yake ndogo kumulika macho. Refa alishika boksi jekundu la dawa lililokuwa kando ya mto, akaliinua juu ya kichwa cha daktari, mkono umenyooka, uso umekaza.

"Toka," alisema. "Unamsumbua mchezaji."

Wauguzi waliganda. Rukia alifumba macho kwa aibu. Daktari alimtazama, akazima tochi, akaiweka mfukoni, akatoka. Alitoka kweli, hadi nje ya mlango, akasimama pale na faili lake mkononi. Tulimwona kupitia kioo. Refa naye alimwona. Baada ya muda alipiga mluzi mfupi, akamwashiria kwa mkono arudi uwanjani. Daktari akarudi, akasema, "Asante, Refa," akaendelea kumulika macho. Tangu siku hiyo Mama Rukia alimwamini daktari yule kuliko mtu yeyote mwingine pale hospitalini.

Dawa ya virusi ilimwingia kwa dripu wiki baada ya wiki. Homa ikaisha, akili ikatulia, akarudi Shauri Moyo akiwa amekonda, na kovu lililomzunguka kutoka sikio hadi sikio kama mshono wa mpira. Watoto waliomba kuligusa. Aliwaruhusu. Tulikula pilau, Baba Njoroge akaomba kabla ya chakula na maalim wa msikitini akaomba baada yake, na kila mmoja wetu aliamini kwamba jambo limekwisha.

Lilikuwa limefika nusu tu.

Baada ya wiki kadhaa Refa aliacha kulala. Akawa mkali, kisha akawa anacheka peke yake, kisha akamshtaki Baba Njoroge kwamba amemwibia meno, na meno yote yalikuwa kinywani. Hapo bado tuliweza kutabasamu. Kilichotutisha ni mdomo. Ulianza kutafuna bila chakula, ukajikunja, ukajinyoosha, ulimi ukatoka na kurudi, mchana kutwa, na mkono wake wa kulia ukawa unazunguka polepole kama anayekaza skrubu. Maneno yakapungua. Yule msemaji wetu alianza kujibu kwa neno moja, halafu kwa nusu ya neno, halafu akatazama ukuta tu.

Ndugu yake mkubwa akaja kutoka Mombasa. Alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie, na alimlilia mdogo wake alipomwona. Lakini alikuwa ameshaamua.

"Hili si la hospitali," alisema sebuleni, sisi majirani tumekaa. "Hospitali wamemtibu, akapona, mkaona. Sasa hiki ni kitu kingine. Kesho naondoka naye. Nyumbani kuna watu wanaojua mambo haya."

Rukia alikuwa na simu mkononi. Alikuwa amemrekodi baba yake siku ile, mdomo na mkono, ili amwonyeshe daktari. Baba mkubwa alipoona, alighadhibika.

"Mnamrekodi mgonjwa? Mzazi wako? Futa hiyo."

Kidole cha Rukia kilibaki juu ya simu. Maalim alisema taratibu kwamba dua haichagui mahali, na wao wangemwombea Refa popote alipo, hata hospitalini. Kila mtu alitazama chini.

Ndipo Mama Rukia aliposimama. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumsikia akizungumza mbele ya watu wengi kiasi kile.

"Shemeji, nakuheshimu," alisema. "Umekuja, nimefurahi, na utakaa hapa kwako mpaka utakapotaka. Lakini mgonjwa wangu hatoki Nairobi. Yule daktari hajaniambia ameshindwa. Siku akiniambia ameshindwa, mimi mwenyewe nitakufungia mizigo. Rukia, usifute."

Akaketi. Mikono akaificha ndani ya leso.

Asubuhi tulikwenda hospitalini, wanawake watatu. Kliniki ilikuwa imejaa na jina letu halikuwa kwenye orodha. Tulimsubiri yule daktari mlangoni, na alipopita Rukia alimnyooshea simu bila hata salamu. Daktari alitazama akiwa anatembea, halafu akasimama. Akairudisha nyuma, akatazama tena.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani."

"Mleteni leo. Msisubiri kesho."

Mama Rukia alikuwa na hakika kwamba virusi vimerudi. Walimpima tena maji ya uti wa mgongo na havikuwepo. Daktari akavuta kiti kama mara ya kwanza, akatueleza kwamba safari hii ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Ilipigana na virusi, ikashinda, lakini katika vita vile ikajifunza kuuona ubongo kama adui, na sasa inaushambulia. Alisema hutokea kwa baadhi ya watu waliougua virusi vile, na familia nyingi hudhani ni wazimu au majini, mgonjwa akafichwa ndani hadi muda ukapita.

"Inatibika?" aliuliza Rukia.

"Inatibika. Polepole sana. Na siwaahidi kwamba atarudi vile vile alivyokuwa. Lakini mmemleta mapema."

Wakampa dawa nzito za kuituliza kinga, wakamchuja damu kwa mashine, wakaongeza dawa nyingine. Sindano zilikuwa nyingi, na hakukimbia hata moja, jambo lililomliza Mama Rukia kuliko yote. Shemeji alibaki. Alimbeba ndugu yake mgongoni kwenda bafuni, siku zote zile, na sikumsikia tena akitaja safari.

Baba Njoroge alikuja kila alipofunga karakana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia juu ya goti, akimsimulia mambo ya Gikomba yule mtu aliyetazama ukuta. Bei ya mbao, moto uliounguza vibanda vya jirani, mkokoteni uliomwaga vyungu. Siku moja nilikuwepo. Aliishiwa na habari. Akamwinamia sikioni, ingawa sote tulisikia.

"Ilikuwa mkono," alisema. "Umesikia? Nakubali. Iligusa mkono. Sasa sema kitu, ndugu yangu."

Refa aliendelea kutazama ukuta. Baba Njoroge alijifuta uso kwa kofia, akaondoka.

Zilipita siku nyingi. Kisha asubuhi moja Rukia alikuwa akimlisha uji, na mdomo ule uliokuwa ukitafuna hewa ukatulia, ukameza, na sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini ikasema, "Mkono."

Rukia alifikiri anaumwa mkono. Aliita wauguzi, wakaukagua, wakaukunja na kuukunjua. Ni Baba Njoroge peke yake aliyeelewa alipofika jioni, na alicheka hadi akalazimika kukaa kitandani kwa mgonjwa. Tangu hapo maneno yalirudi moja moja, na sentensi baada yake. Miezi ilipita kabla hajatembea peke yake hadi msikitini. Na Baba Njoroge, alipohakikisha kwamba mwenzake amepona, alikana kila kitu. Alisema maneno ya hospitalini hayahesabiki.

Kuna mambo hayakurudi. Harufu ilikwenda moja kwa moja. Anameza vidonge vya kuzuia degedege. Majina ya watu humteleza, mimi ananiita Golikipa kwa sababu ndilo analolikumbuka, na akichoka hupotea njia hata anayoijua, kwa hiyo Baba Njoroge humsindikiza nyumbani. Mechi sasa anazichezesha binti mmoja wa mtaani. Refa hukaa kwenye kigoda pembeni, soksi zimepigwa pasi, na asipokubaliana na uamuzi hukohoa. Binti yule huwa hamtazami. Refa anampenda kwa hilo.

Miezi ile ya ugonjwa haimo kabisa kichwani mwake. Inamkera kama mtu aliyelala mechi ikichezwa.

Mwezi uliopita nilitoka Kware, ninakokaa siku hizi, nikaenda Gikomba kutafuta kitanda cha mwanangu. Refa alikuwa akipiga msasa ubao wa kichwani mwa kitanda. Alinipa kigoda, akaagiza chai, kisha akaniambia, "Golikipa, wewe ulikuwepo. Hawa wananificha. Nilifanya nini kule?"

Nikamweleza. Nikamweleza kuhusu timu za madirishani, mzee aliyeotea akienda msalani, na daktari aliyesimama nje ya mlango akingoja kuitwa. Alicheka kwa machozi, akapiga meza kwa kiganja, mafundi wa vibanda vya jirani wakaacha nyundo wasikilize. Akataka nirudie la daktari. Nikarudia. Halafu kicheko kikaisha polepole, akaukung'uta vumbi ule ubao uliokuwa hauna vumbi tena.

"Na mke wangu," aliuliza, "alikuwa anakula?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Hakuna aliyewahi kuliuliza, wala mimi. Nikakumbuka mkate uliofungwa kwenye leso, na Mama Rukia akiumega akiwa amesimama kando ya mlango wa wadi, macho yako ndani.

"Alikula wima," nikasema. "Vipande vidogo. Sidhani aliwahi kuketi."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Akatundika msasa kwenye msumari wake.

"Njoroge, naondoka."

"Saa hizi? Ngoja nimalize hapa nikupeleke."

"Leo nitakwenda mwenyewe. Golikipa anapita huko huko."

Nilimfuata nyuma kidogo, tukipenya katikati ya mikokoteni na marundo ya makoti. Sikumwonyesha njia. Penye njia panda alisimama, akatazama huku na huku, akachagua, na alichagua sawa. Akanunua samaki wawili wa kukaanga, akachagua haraka, wa kwanza aliowaona.

Mama Rukia alikuwa mlangoni akianua nguo. Alipotuona jua likiwa bado juu, aliangusha shuka kwenye beseni, akaja mbio, akamwekea mumewe mgongo wa mkono kwenye paji la uso, juu ya kovu, huku ananitazama mimi.

"Ana homa?"

"Sina homa," alisema Refa, akauacha mkono ule ukae hapo. "Nina njaa. Keti tule."

"Niketi na nguo hizi nani azianue?"

"Golikipa atazianua."

Nikazianua. Nilichukua muda wangu, na kila nilipochungulia dirishani, Mama Rukia alikuwa bado ameketi.